Kuacha mama, kutwaa makinda: mifuko ya amana inayolinda bahari za visiwa, na somo lake kwetu Mitwaba



Katika mtaa wetu kuna pompi ya maji iliyokaa miaka miwili bila kutoa hata ndoo moja. Shirika moja lilikuja na mradi wake, likachimba kisima, likafundisha kamati, likapiga picha na kurudi zake. Mwaka wa tatu raba ya ndani ikakatika. Hakuna aliyeiba kitu. Kamati ilikuwepo, funguo zilikuwepo, lakini makuta ya kununua raba hayakuwepo. Mama zetu wakarudi mtoni na bidoni zao kama zamani.

Tulikumbuka pompi hiyo pale vijana wetu waliporudi kutoka semina ya Lubumbashi juu ya utunzaji wa viumbe. Huko walisikia kwamba nchi fulani ndogo za visiwa zimepata njia ya kulipia ulinzi wa bahari yao mwaka hata mwaka, bila kungoja mradi mpya. Wakatuuliza: “Baba Mchungaji, wanafanyaje? Na sisi tusio na bahari, jambo hilo linatuhusu nini?” Tumesoma, tumeuliza wanaojua, na leo tunajaribu kuwajibu wao pamoja na makanisa yote ya mashariki yanayosoma ukurasa huu.

Ugonjwa wenyewe: fedha zenye tarehe ya kufa

Kazi ya kutunza viumbe haina mwisho. Samaki huvuliwa kila siku, kwa hiyo mlinzi wa samaki lazima awepo kila siku. Fedha nyingi za kazi hiyo, hata hivyo, huja kwa njia ya mradi, na mradi una tarehe ya kuanza na tarehe ya kufa.

Mfano mmoja ni wa ndugu zetu wa Komoro, watu wa visiwa ambao lugha yao ni jamaa ya Kiswahili. Katika kisiwa cha Mwali, ambacho Wafaransa hukiita Mohéli, hifadhi ya bahari ilianzishwa mwaka 2001. Vijiji vyenyewe vilikubali kulinda kasa na matumbawe, na mwaka 2002 kazi yao ikapewa tuzo ya kimataifa. Baadaye fedha za mradi zikaisha. Doria zikapungua, mashua zikakaa bila mafuta, na kazi iliyosifiwa duniani ikaishi kwa kujikokota miaka kadhaa. Imani ya watu wa Mwali haikuwa imepungua. Walipungukiwa na fedha, sawasawa na pompi yetu.

Mfuko wa amana ni nini?

Sote tunaijua likelemba. Watu kumi wanatoa kila mmoja sehemu yake, mmoja anabeba zote, mwezi unaofuata anabeba mwingine. Ni jambo jema, lakini fedha za likelemba huliwa zote. Mfuko wa amana ni kitu kingine. Fedha zinawekwa chini ya sheria, mikononi mwa wadhamini, kwa kazi moja iliyoandikwa. Wadhamini hawana ruhusa ya kuzigeuza kuwa za kazi nyingine, wala waziri, askofu au sultani hawezi kuzichukua.

Mifuko hiyo ni ya namna tatu. Ya kwanza ni kama mwembe: unakula maembe, mti unabaki. Mtaji unawekwa mahali unapozaa faida, na faida tu ndiyo hutumika. Ya pili ni kama gunia la mahindi: unakula kidogo kidogo kwa mpango, miaka kumi au ishirini, mpaka liishe. Ya tatu ni kama mtungi: maji yanatoka, lakini kila siku kuna anayeujaza, kwa mfano kwa ada ya wageni au kodi fulani. Mifuko mingi huchanganya namna hizo mbili au tatu.

Hesabu ya mwembe si ngumu. Mtaji wa dola 1,000,000 ukizaa asilimia 4 kwa mwaka, utatoa dola 40,000. Mwaka unaofuata utatoa tena, na baada ya miaka 25 utakuwa umetoa dola 1,000,000 huku mtaji wenyewe ukiwa bado upo. Lakini ukihitaji dola 400,000 kila mwaka, lazima uwe na mtaji wa 10,000,000. Tuishike hesabu hiyo, maana tutaihitaji tena mbele.

Kanuni hii si mpya kwa msomaji wa Biblia. Katika Kumbukumbu la Torati 22, mstari wa 6 na wa 7, Mungu anampa Israeli sheria juu ya kiota. Mtu akikuta mama ndege amelalia mayai au makinda, asimchukue mama pamoja na wanawe. Amwache mama aende, achukue wale wadogo. Tulipokuwa chuo cha theolojia tuliona sheria hiyo kuwa ndogo, ya huruma tu kwa ndege. Leo tunaona pia hekima ya uchumi ndani yake. Mungu hakumkataza mtu mwenye njaa kula. Alimkataza kula kile kinachozaa chakula cha kesho. Na ahadi iliyofungwa kwa sheria hiyo ndogo ni ile ile ya kuheshimu baba na mama: heri na siku nyingi.

Shelisheli: deni lililogeuzwa kuwa ulinzi

Sasa twende baharini. Shelisheli ni nchi ya visiwa katika Bahari ya Hindi, mashariki ya pwani ya Tanzania na Kenya. Wakaaji wake ni kama laki moja tu, na nchi kavu yote haifiki kilomita za mraba 500. Lakini bahari iliyo chini ya mamlaka yake ni karibu kilomita za mraba 1,350,000, zaidi ya nusu ya Kongo yetu nzima. Watu laki moja watalindaje eneo kama hilo? Tena nchi hiyo ilikuwa imelemewa na madeni ya nje.

Walifanya hivi. Shirika moja la uhifadhi la Marekani, The Nature Conservancy, lilikusanya fedha, sehemu sadaka na sehemu mkopo. Kwa fedha hizo serikali ya Shelisheli ilinunua tena sehemu ya madeni yake, yenye thamani ya dola milioni 21.6, kwa bei iliyopunguzwa kidogo. Deni halikufutika lote, lakini mwenye kudai akabadilika. Badala ya kulipa nchi tajiri za nje, serikali sasa inalipa mfuko wa amana wa nyumbani, SeyCCAT, uliowekwa kwa sheria mwaka 2015, tena kwa masharti mepesi zaidi. Mfuko huo unazigawa fedha mara tatu: sehemu inarudisha mkopo wa waliosaidia, sehemu inakwenda kila mwaka kwa kazi za wavuvi, watafiti na vikundi vya wenyeji, na sehemu inawekwa kuwa mtaji wa kudumu. Huo ndio mwembe wao.

Kwa upande wake serikali iliahidi kutenga asilimia 30 ya bahari yake kuwa eneo la ulinzi. Ahadi hiyo ilitimizwa Machi 2020, kama kilomita za mraba 410,000. Mnamo Oktoba 2018 Shelisheli ilikuwa pia imekopa dola milioni 15 kwa hati ya mkopo iliyotengwa kwa ajili ya bahari, ya kwanza ya namna hiyo duniani iliyotolewa na serikali ya nchi. Milioni 3 zilipelekwa SeyCCAT kwa misaada, na milioni 12 zikawekwa katika benki ya maendeleo ya nchi kwa mikopo ya biashara za bahari zisizoharibu.

Palau na Kiribati: mtungi mkavu na mwembe mdogo

Mbali zaidi, katika Bahari ya Pasifiki, nchi ya Palau ilichagua mtungi. Kuanzia mwaka 2009 kila mgeni alilipa dola 15 kwa ajili ya mazingira, na tangu 2018 ada hiyo imekuwa dola 100, imeingizwa ndani ya bei ya tiketi ya ndege. Ulikuwa mpango mzuri. Halafu ukaja mwaka 2020 na ugonjwa wa Korona, ndege zikasimama, na mtungi ukakosa wa kuujaza. Nchi yenye mtaji uliowekwa mahali pengi inaweza kuvuka mwaka kama huo, lakini inayotegemea ada peke yake hulala njaa.

Somo la Kiribati ni chungu zaidi. Nchi hiyo ilitenga visiwa vya Phoenix na bahari yake, zaidi ya kilomita za mraba 400,000, na tangu Januari 2015 uvuvi wa biashara ukapigwa marufuku humo. Mfuko wa amana ulianza na dola milioni 5, nusu kutoka serikalini na nusu kutoka shirika la uhifadhi. Turudie hesabu yetu: milioni 5 kwa asilimia 4 ni dola 200,000 kwa mwaka. Kwa nchi ambayo sehemu kubwa sana ya mapato ya serikali hutoka katika leseni za meli za uvuvi, hicho ni kikapu kidogo mbele ya nyumba yenye watoto wengi. Mwaka 2021 serikali ilitangaza kwamba itafungua tena bahari hiyo kwa uvuvi.

Wako waliowalaumu. Sisi tunaogopa kulaumu haraka, maana tunajua maana ya kuambiwa usichimbe, usiwinde, usichome makala, na kuachiwa sufuria tupu. Lakini somo limebaki: mtaji mdogo haubebi mzigo mkubwa, na ulinzi usiomlipa aliyepoteza utavunjwa naye siku moja.

Bwindi: nani ale matunda?

Turudi nchi kavu, karibu na sisi. Kusini-magharibi mwa Uganda, mwaka 1994, ulianzishwa mfuko wa amana kwa misitu ya Bwindi na Mgahinga, makao ya sokwe wa milimani. Ni mmoja wa mifuko ya kwanza ya namna hiyo katika Afrika. Mtaji wake, kama dola milioni 4.3, ulitoka katika mfuko wa mazingira wa dunia kupitia Benki ya Dunia. Wafadhili wengine walilipia kazi za miaka ya kwanza kusudi mtaji ukue kwanza kabla ya kuguswa.

Jambo tunalopenda katika Bwindi ni mgawanyo. Asilimia 60 ya matunda ilipangiwa vijiji vinavyozunguka msitu: shule, zahanati, kazi za mikono. Asilimia 20 kwa utafiti, na asilimia 20 kwa usimamizi wa mbuga yenyewe. Kamati ya wenyeji ilipewa sauti katika kuchagua miradi. Na kwa Batwa, waliotolewa msituni mbuga zilipotangazwa mwaka 1991, mfuko huo ulinunulia baadhi ya jamaa mashamba. Ardhi hiyo haikurudisha yote waliyopoteza, na Batwa wenyewe bado wanasema hivyo. Hata hivyo mfuko ulikiri kwa matendo kwamba ulinzi wa msitu una gharama, na kwamba maskini asiachiwe kuibeba peke yake.

Kwa nini fedha zikae mbali?

Ndugu mmoja alituuliza: “Kama ni mali yetu, kwa nini mtaji uwekwe Ulaya?” Ni swali la haki. Wazee wetu wanakumbuka miaka ya 1990, pale noti za zaire zilipobebwa kwa mifuko na akiba ya maisha ikashindwa kununua gunia la mahindi. Mtaji wa miaka mia hauwezi kulala mahali ambapo thamani yake inayeyuka. Nchi yetu ina mfuko wake, Fonds Okapi, uliowekwa kwa ajili ya mbuga za Kongo. Uliandikishwa Uingereza mwaka 2013, na wachangiaji wake wa mwanzo ni mfuko wa mazingira wa dunia pamoja na serikali ya Ujerumani.

Umbali nao una hatari yake. Masoko ya fedha huanguka, kama mwaka 2008 ambapo mifuko mingi ilipoteza sehemu ya mtaji. Tena kitu kisichoonekana na wenyeji hakipendwi na wenyeji. Kwa hiyo mtaji ukae mbali, lakini hesabu zikae karibu: zitangazwe kila mwaka, zikaguliwe na mtu wa nje, na wadhamini wengi wasiwe watu wa serikali. Mtume Paulo alipobeba mchango wa makanisa kwenda Yerusalemu alikataa kuubeba peke yake, kusudi asiwepo wa kulaumu. Soma 2 Wakorintho 8, mistari ya 20 na 21. Kama mtume alihitaji mashahidi, sisi ni nani?

Na Mitwaba?

Hatuna bahari, lakini tuna Upemba. Mbuga hiyo ilitangazwa mwaka 1939, na kituo chake cha Lusinga kiko katika territoire yetu. Ndani yake wanaishi pundamilia wa mwisho wa Kongo. Mito inayotoka katika nyanda zake za juu inalisha maziwa ya bonde, na samaki wa maziwa hayo wanaliwa na bukari mpaka Lubumbashi. Tunajua pia vita vya Mai-Mai vilivyotukimbiza, walinzi waliouawa, na miti inayogeuka makala kila mwezi. Tangu 2017 shirika la Forgotten Parks linasaidiana na ICCN kuendesha Upemba na Kundelungu. Tunashukuru. Lakini fedha za washirika nazo huja kwa mikataba, na kila mkataba una ukurasa wa mwisho.

Halafu tuna madini. Sheria ya madini iliyorekebishwa Machi 2018 inagawa ile kodi inayoitwa redevance: asilimia 50 kwa serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa usultani, sekta au komine yenye mgodi, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo unaoitwa FOMIN. Tena kampuni yenye mgodi inapaswa kutenga angalau asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya wenyeji. Maana yake ni kwamba wazo la kumwachia mtoto sehemu ya mali limekwisha kuandikwa katika sheria yetu. Madini hayazai. Kilo iliyotoka ardhini haitarudi. Njia pekee ya kuyageuza kuwa mwembe ni kuweka sehemu ya thamani yake mahali inapozaa.

Kwa hiyo tunawaomba wazee wa makanisa, hasa pale ambapo kampuni inachimba, waulize kwa upole na bila kuchoka: Fedha za kwetu mwaka huu ni ngapi? Nani anakaa katika kamati? Zimeliwa zote, au kuna iliyowekwa? Hayo si maswali ya siasa. Yusufu huko Misri alitenga sehemu ya tano ya mavuno katika miaka ya shibe, na kwa ajili hiyo watu walipona katika miaka ya njaa.

Mbuzi wa pompi

Tumalizie pale tulipoanzia. Baada ya mazungumzo na vijana, mama wa Kipendano walisema hatuwezi kufundisha mambo ya Shelisheli huku pompi imekufa. Tulichanga, tukanunua mbuzi jike wanne, tukawaita mbuzi wa pompi. Tuliandika kanuni tatu katika daftari: mama hauzwi wala hachinjwi, madume wanaozaliwa huuzwa kwa kazi ya pompi tu, na hesabu husomwa mbele ya watu mara moja kila miezi mitatu.

Mtihani ulikuja upesi. Shemasi wetu mmoja alifariki, mtu aliyependwa na wote, na wageni wa kilio walikuwa wengi. Wazee wakaja kwetu usiku: “Baba Mchungaji, tuchinje mmoja tu wa wale mbuzi. Ni kwa ajili ya shemasi.” Tunakiri kwamba tulinyamaza muda mrefu. Ni vigumu kuzungumza habari za kanuni mbele ya jeneza. Mwishowe tulikataa, tukazunguka nyumba kwa nyumba kukusanya unga na samaki, na wageni wakala. Jamaa fulani hawakutusalimu kwa majuma kadhaa. Mjane wa shemasi ndiye aliyewaambia kwamba mume wake alikuwa mtunza daftari la mbuzi, na kwamba angeona haya kama daftari lingefungwa kwa ajili yake.

Mwaka huu tuliuza madume wawili. Raba ilinunuliwa Lubumbashi, ikaletwa juu ya lori, na pompi inatoa maji. Mama wote wanne wako hai, na mmoja ana mimba.

Bwana awabariki, na awape hekima ya kuacha mama wa ndege kiotani.